Kihisi Ndani ya Nepi ya Mzee: Sitara au Kisingizio?

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake na Sahaba zake. Amma baad.

Ndugu zetu Waislamu, mas-ala tunayoyazungumza leo yana haya ndani yake, na haya ni katika imani. Hata hivyo, Bibi Aisha (r.a.) aliwasifu wanawake wa Kiansari kwa kuwa haya haikuwazuia kuijua dini yao. Kwa hivyo tuzungumze kwa adabu, bila ya kuficha linalohitaji kuelezwa.

Tumekuwa tukipokea masuali ya aina mbili. La kwanza linatoka kwa vijana wetu walioko Uingereza na nchi nyengine za ng'ambo, ambao wengi wao riziki yao ni kuhudumia watu wazima katika nyumba za wazee. Wanatuuliza kuhusu vifaa vya umeme vinavyowekwa ndani ya nepi za wazee wasioweza kuzuia haja ndogo, ili vitoe taarifa mzee akilowa. Jee, inajuzu kuvitumia? La pili linatoka kwa familia za hapa visiwani, ambazo mtoto wao aliyeko nje amewaletea kifaa kama hicho kwa ajili ya bibi au babu. Wapo walioona ni rehema, na wapo walioona ni kumvunjia mzee heshima. Tumeona ni vyema tulitazame jambo lenyewe kwanza, kisha tuseme wanavyosema wanazuoni.

Vifaa hivi ni nini

Kutokwa na mkojo bila ya kuweza kuuzuia ni maradhi yanayojulikana tangu zamani, na vitabu vya fiqhi vimeyapa jina la salasul-bauli. Lililo jipya ni chombo. Aina ya kwanza ni nepi yenye utepe mwembamba ndani yake unaopitisha umeme mdogo sana. Mkojo ukiingia, utepe unahisi unyevu, na kijidude kidogo kilichobanwa mbele ya nepi kinapeleka habari bila ya waya hadi kwenye kompyuta au simu ya muuguzi. Kampuni ya Simavita ya mji wa Sydney, Australia, ni katika waliotangulia kuuza mpangilio wa namna hii kwa nyumba za wazee. Mara nyingi mzee huvaa kifaa kwa saa 72 tu. Katika siku hizo tatu huandikwa ni nyakati gani amelowa na kwa kiasi gani, kisha wauguzi humpangia saa za kumpeleka chooni na aina ya nepi inayomfaa.

Aina ya pili inatoka Japani, inaitwa DFree. Hii haingojei mtu alowe. Hubandikwa chini ya kitovu, na kwa mawimbi ya sauti yasiyosikika, kama yale yanayotumika kumtazama mtoto tumboni mwa mama yake, hupima namna kibofu kinavyojaa. Kikikaribia kujaa, kinatoa habari ili mzee apelekwe chooni mapema.

Si ajabu kwamba Japani imeshughulika na jambo hili. Huko karibu watu watatu katika kila kumi wana umri wa miaka 65 au zaidi. Mwaka 2024 kampuni kubwa ya Oji ilitangaza kuacha kutengeneza nepi za watoto wachanga kwa soko la Japani, na kuelekeza nguvu zake kwenye nepi za watu wazima. Mwenye kutaka kujua dunia inaelekea wapi, na alizingatie hilo.

Somo la Australia

Ili tujue uzuri na hatari ya vifaa hivi, tuitazame Australia. Mwezi wa Oktoba 2018 nchi hiyo iliunda Tume ya Kifalme kuchunguza uangalizi wa wazee. Ripoti ya awali ilitoka Oktoba 2019, na kichwa chake kilikuwa neno moja tu lenye maana ya kutelekezwa. Ripoti ya mwisho, ya mwaka 2021, ilikuwa na mapendekezo 148.

Miongoni mwa yaliyosikilizwa mbele ya Tume ni habari za nepi. Walikuwepo wazee waliopimiwa idadi ya nepi kwa siku, na ikimalizika basi. Walikuwepo walioachwa wamelowa kwa muda mrefu kwa sababu wahudumu ni wachache. Walikuwepo waliokuwa wanaweza kwenda chooni wakishikwa mkono, lakini wakaambiwa watumie nepi kwa kuwa hapana wa kuwashika mkono huo. Haya yalitokea katika nchi tajiri, yenye mafundi na vifaa tele.

Baada ya hapo serikali yao ilichukua hatua. Kuanzia Julai 2023 nyumba za wazee zilitakiwa ziwe na muuguzi aliyesajiliwa saa zote 24. Oktoba 2023 likawekwa sharti kwamba kila mkaazi apate, kwa wastani, dakika 200 za uangalizi kwa siku, na Oktoba 2024 zikapandishwa kuwa 215. Tarehe 1 Novemba 2025 ilianza kazi sheria mpya iliyojengwa juu ya haki za mzee mwenyewe.

Tutanabahi hapa. Tatizo lilipofichuka, miongoni mwa dawa zilizolazimishwa kwa sheria ilikuwa watu na dakika zao. Kifaa kinaweza kusema kwamba mzee amelowa. Hakiwezi kumgeuza, kumtia maji, kumkausha wala kumwambia neno jema. Kengele haimtawadhishi mtu.

Katika jimbo la South Australia walijaribu pia kamera na vinasa sauti katika nyumba mbili za wazee, kwa ridhaa ya wakaazi na familia zao. Vyombo hivyo vilitoa maelfu ya tahadhari ambazo nyingi hazikuwa na tukio lolote la kweli, na wahudumu walio wachache wakawa wanakimbizana na kengele. Inatosha kuwa mazingatio.

Manufaa yaliyopo

Uadilifu unatutaka tuyataje manufaa, kwani Muislamu hakatai kitu kwa sababu tu kimetoka kwa wengine.

La kwanza ni usingizi. Katika nyumba nyingi za wazee wahudumu hupita kila baada ya saa kadhaa usiku, wakamfunua kila mzee na kumpapasa kujua kama amelowa. Aliyekavu naye anaamshwa. Kihisi kinamwacha aliyekavu alale.

La pili ni ngozi. Ngozi ya mtu mzima ikikaa na mkojo hubabuka, na kwa mtu asiyeweza kujigeuza ubabukaji huo unasaidia kuleta vidonda vya kulalia. Vidonda hivyo vinauma, vinaingia wadudu, na vinaweza kumuua mtu.

La tatu ni mzee asiyeweza kusema. Aliyepigwa na kiharusi au aliyepotewa na kumbukumbu huenda akakaa katika najisi na asiweze kumwita mtu. Kifaa kinamsemea.

La nne, ambalo wengi hawalioni, ni sitara. Mtu hafunuliwi ila panapokuwa na haja ya kumfunua. Katika hukumu za uchi wa mtu hili ni jambo kubwa, kama tutakavyoeleza.

Hukumu yake

Asili katika vitu ni uhalali mpaka ije dalili ya kuharamisha, na vifaa hivi ni katika njia za tiba na uangalizi. Kwa hivyo kuvitumia kunajuzu, lakini kwa masharti.

Sharti la kwanza ni haja ya kweli. Kuutazama na kuugusa uchi wa mwengine kumekatazwa, na kumeruhusiwa kwa haja ya matibabu na uuguzi. Kanuni mashuhuri inasema dharura hukadiriwa kwa kadiri yake. Ikiwa kihisi kinapunguza idadi ya kumfunua mzee, basi kinakaribiana na makusudio ya sheria. Mwanamke ahudumiwe na mwanamke na mwanamme na mwanamme kila inapowezekana, na kifaa kisifanywe sababu ya kulegeza hilo. Kamera chumbani ni jambo jengine kabisa. Inauonesha uchi na inahifadhi picha zake, na hatuoni kuwa inaruhusika kwa ajili ya kujua kama mtu amelowa, maadamu ipo njia isiyotazama mwili.

Sharti la pili ni idhini. Mzee mwenye akili zake aulizwe, aelezwe, na akikataa aachwe. Uzee haumuondolei mtu mamlaka juu ya mwili wake. Tunasikitika kwamba wapo watoto wanaozungumza juu ya mama yao mbele yake kama kwamba hayupo. Yule aliyepotewa na akili, msimamizi wake ataamua kwa maslahi ya mzee, wala si kwa raha ya msimamizi.

Sharti la tatu ni kuificha siri. Taarifa ya saa ngapi mtu alikojoa ni aibu yake na ni amana kwa aliyenayo. Mwenyezi Mungu amekataza katika Suratul Hujurat kupelelezana na kusengenyana. Anayehitaji kuijua ni anayemhudumia na daktari wake. Kuipeleka kwenye kundi la WhatsApp la ukoo mzima ili shangazi na binamu walioko nje waisome, hilo halifai. Familia inayoingia mkataba na nyumba ya wazee ng'ambo nayo iulize taarifa hizo zinawekwa wapi na nani anazisoma.

Sharti la nne ni kwamba kifaa kisimletee mzee madhara, na katika dini yetu hapana kudhuru wala kudhuriana. Madhara tunayoyahofia zaidi ni mawili. Moja, nyumba kuamua kwamba asibadilishwe mpaka kifaa kiseme nepi imejaa, ili zitumike nepi chache. Hapo chombo cha kumuondolea mtu najisi kinakuwa chombo cha kumbakisha ndani yake. La pili, anayeweza kwenda chooni kuachwa asipelekwe kwa kuwa "kifaa kipo". Tendo la namna hii ni dhulma, na mwenye kulifanya ataulizwa, awe mwenye nyumba ya wazee au mtoto wa damu.

Twahara na swala ya mwenye maradhi haya

Tumeulizwa sana: mzee wa namna hii anaswali vipi? Hukumu yake imejengwa juu ya ile ya Bibi Fatima binti Abi Hubaysh (r.a.), ambaye damu yake ya ugonjwa ilikuwa haikatiki, na Mtume (s.a.w.) akamuelekeza aendelee kuswali na atawadhe kwa kila swala. Kwa madhehebu yetu ya Imamu Shafi, mwenye salasul-bauli atasubiri wakati wa swala uingie, atajisafisha, atajifunga kitambaa au nepi safi, atatawadha, kisha ataswali pasi na kuchelewa. Kitakachotoka baada ya hapo, hata akiwa katikati ya swala, kimesamehewa. Wakati mwengine wa faradhi ukiingia, atafanya tena.

Hapa kihisi kinaweza kuwa na faida ambayo waliokiunda hawakuifikiria. Wanazuoni wa Kishafi wamesema kwamba mwenye kuzoea kupata muda wa kukatika mkojo, muda unaotosha kutawadha na kuswali ndani ya wakati, inamlazimu aungojee muda huo. Mzee mwengine hajui kama anao muda kama huo. Maandishi ya siku tatu yanaweza kuonesha kwamba, kwa mfano, baada ya kupelekwa chooni mchana hubaki mkavu kwa saa nzima. Basi swala yake ya Adhuhuri iwekwe hapo. Na kama maandishi yanaonesha hapana muda wowote, basi aondokewe na wasiwasi, kwani yeye ni mwenye udhuru.

Anayepata tabu kubwa ya kujitwahirisha kila wakati, wanazuoni wa Kihanbali wamemruhusu kukusanya Adhuhuri na Alasiri, na Magharibi na Isha. Kauli inayotegemewa kwa Mashafi ni kutokusanya kwa sababu ya maradhi, lakini Imamu Nawawi ameiona kauli ya kujuzu kuwa ina nguvu. Mzee dhaifu asiyekuwa na msaidizi wa kutosha na aichukue ruhusa hiyo.

Asiyepata wa kumbadilisha kabisa, aswali kama alivyo, wala asiiache swala. Imran bin Husayn (r.a.) alikuwa na bawasiri, na Mtume (s.a.w.) akamfundisha aswali kwa kusimama, akishindwa kwa kukaa, na akishindwa kwa ubavu. Udhuru hupunguza namna ya kuswali, na faradhi inabaki maadamu akili ipo. Ama aliyeondokewa na akili, kalamu imeondolewa juu yake. Watoto wasimkokote wala wasimkaripie.

Kwa vijana wetu wanaohudumia wazee ng'ambo

Kazi yenu ni kazi ya halali na yenye ujira kwa Mwenyezi Mungu mkitia nia njema, awe mnayemhudumia ni Muislamu au si Muislamu. Fanyeni kwa mwenye jinsia yenu kila mnapoweza kuomba hivyo. Palipo na dharura, tazameni na gusani kwa kadiri ya haja tu. Vaeni glavu. Kwa madhehebu ya Shafi, kugusa tupu ya mtu kwa kiganja kitupu kunatengua udhu, na vilevile kugusana ngozi kwa ngozi na asiyekuwa maharimu wa jinsia nyengine. Glavu ni kizuizi, kwa hivyo udhu unabaki. Nguo ya kazi ikiingia najisi, ibadilisheni au muioshe kabla ya kuswali. Na mkiona mzee ameachwa na kengele inalia, msiseme si zamu yangu.

Na sisi wa visiwani

Asije mtu akadhani haya ni mambo ya wazungu na Wajapani. Tuna wazee katika nyumba za Sebleni na Welezo, Unguja, na Limbani, Pemba. Tuna wazee wengi zaidi majumbani mwetu, na huko hakuna tume inayokwenda kuchunguza. Serikali ya Mapinduzi ilianzisha Pencheni Jamii mwaka 2016 kwa kila aliyefikia miaka 70, ikaanza na shilingi 20,000 kwa mwezi. Mwenye kumnunulia mzee nepi anajua fedha kama hizo zinakwisha lini.

Kabla ya kutafuta kihisi cha ng'ambo, yapo ya kufanya kwanza. Mpelekeni mzee hospitali. Kutokwa na mkojo si lazima iwe ni uzee tu. Huenda ikawa ni maradhi ya njia ya mkojo, sukari, tezi dume, kufunga choo kwa muda mrefu, dawa za presha zinazoongeza mkojo, au athari za uzazi kwa kina mama. Mengi katika haya yana matibabu, na yapo mazoezi ya misuli ya nyonga ambayo muuguzi anaweza kuyafundisha.

Kisha itazameni nyumba. Wapo wazee ambao kibofu chao hakina tatizo kubwa, lakini choo kipo uani na usiku ni giza, au kipo chini na ngazi ni za Mji Mkongwe, mwinuko mtupu. Taa, mkono wa kushikia ukutani, mkeka usioteleza, na kiti cha choo karibu na kitanda vinaweza kumrejeshea mzee heshima yake kwa gharama ndogo. Msimpunguzie maji ya kunywa ili asilowe. Mkojo unakuwa mkali, choo kinafunga, na hali inazidi.

Na ule mpango wa saa 72 hauhitaji kompyuta. Chukueni daftari na kalamu. Kwa siku tatu andikeni saa aliyokunywa, saa aliyokwenda chooni na saa aliyokutwa amelowa. Mtaona mpangilio wake, na mtajua wakati wa kumwambia, "Bibi, twende tukatie udhu," kabla hajalowa. Neno hilo lina sitara kuliko kumuuliza mbele ya watu kama amejikojolea.

Familia yenye uwezo ikiongeza kifaa juu ya hayo, kwa masharti tuliyoyataja, hapana ubaya, na huenda ikawa ni katika ihsani. Wala hatusemi kwamba kila aliyempeleka mzazi wake kwenye nyumba ya wazee amemuasi. Wapo walioshindwa kweli, na Mwenyezi Mungu haikalifishi nafsi ila kwa uwezo wake. Tunalosema ni kuwa jukumu halihamishiki kwa kulipa ada wala kwa kununua chombo. Mtoto atabaki akiulizwa: ulikuwa ukienda kumtazama? Ulijua kama wanambadilisha?

Mola wetu ametueleza katika Suratur Rum kwamba ametuumba katika udhaifu, akatupa nguvu, kisha baada ya nguvu akajaalia udhaifu na mvi. Katika Suratul Israa ametuamrisha kuwafanyia wema wazazi wanapofikia uzee wakiwa kwetu, tusiwaambie hata neno dogo la kuchoka nao, na tuwaombee rehema kama walivyotulea tulipokuwa wadogo. Tulipokuwa wadogo walitubadilisha winda usiku na mchana, bila ya kengele yoyote kuwaita. Walisikia kilio wakaamka.

Basi mwenye kifaa na akitumie kwa haki, na asiyekuwa nacho asione kwamba amepungukiwa na njia ya wema. Iliaye, iwe kengele au sauti dhaifu kutoka chumba cha pili, aamke mtu.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu awasitiri wazee wetu, awape afya waliosalia na awarehemu waliotangulia, na atujaalie na sisi, tutakapodhoofika, tupate wa kutusitiri. Wallahu a'lam, wabillahi tawfiq.